Adui Alikuwa Kalamu ya Risasi

Askari anaposikia neno mkakati, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye ramani, kwenye milima, mito na njia za ugavi. Ni haki yake. Walakini neno hilo limehamia siku nyingi katika vinywa vya wafanyabiashara, na si kila mara kwa majivuno matupu. Katika makala hii tutaitazama kampuni moja ya Marekani iitwayo Intuit, ambayo kazi yake kubwa ni kuwauzia wenye biashara ndogo programu za kompyuta za kutunzia hesabu: mwenye duka, fundi bomba, kinyozi, mwenye malori mawili. Kampuni hiyo ilianzishwa na watu wawili mwaka 1983. Katika mwaka wake wa hesabu uliomalizika Julai 2024 iliingiza mapato ya dola za Kimarekani bilioni 16.3. Fedha hizo ni nyingi, lakini si wingi wake unaotupasa kuutazama. Tunachotaka kuona ni jinsi ardhi ilivyotwaliwa, jinsi ilivyoshikwa, na mahali ilipoponyoka.

Hapana shaka atakuwapo wa kuuliza: habari hizi zinamhusu nini koplo aliye kambini au inspekta aliye kituoni? Zinamhusu sana. Wengi wa wasomaji wetu watatoka kazini siku moja wakiwa na kiinua mgongo mkononi, na wengi watakitia katika duka, mashine ya kusaga nafaka, gari la abiria au banda la kuku. Haitapita muda mrefu kabla mlango haujagongwa na kijana nadhifu mwenye kompyuta mkobani, naye ataeleza kwa lugha tamu kwamba biashara bila programu ya hesabu ni gari bila usukani. Kijana huyo ni askari wa mstari wa mbele katika mpango uliochorwa mbali sana na mtaa wetu. Ni vyema anayegongewa mlango aujue mpango wa anayegonga.

UPELELEZI KABLA YA SHAMBULIO

Scott Cook, mmoja wa waasisi wa Intuit, hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa amefanya kazi katika Procter & Gamble, kampuni ya sabuni na bidhaa nyingine za nyumbani, na huko alijifunza kwamba kabla ya kumwuzia mtu kitu yakupasa uende ukamwone anavyoishi. Inasimuliwa kwamba mkewe alikuwa akilalamikia kazi ya kulipa bili za nyumbani na kuandika hundi kila mwezi. Wakati ule kompyuta ndogo zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia majumbani mwa Wamarekani, naye Cook akaona zingeweza kuifanya kazi hiyo. Akaenda Chuo Kikuu cha Stanford kutafuta mtu wa kuandika programu, akakutana na mwanafunzi aitwaye Tom Proulx. Programu waliyoitengeneza wakaiita Quicken, ikatoka mwaka 1984.

Sasa, programu za namna hiyo zilikuwa tele sokoni. Cook mwenyewe amezoea kusema kwamba zilikuwapo arobaini na sita kabla ya yake. Mtu mwingine angewahesabu hao kuwa maadui arobaini na sita, kisha angejaribu kuwapita kwa kuongeza madoido juu ya madoido. Cook alipowauliza watu waliokwisha kununua programu hizo, aliambiwa jambo jingine: wengi walizijaribu wakaziweka kando, kwa sababu kulipa bili kwa kompyuta kulichukua muda mrefu kuliko kulipa kwa mkono. Adui, basi, hakuwa kampuni nyingine. Adui alikuwa kalamu ya risasi, ile ya mti inayochongwa kwa wembe. Kalamu ya risasi haihitaji mafunzo, haihitaji umeme, na bei yake ni senti. Yeyote atakayeuza programu ya hesabu bila kuishinda kwanza kalamu hiyo atakuwa anapiga hewa.

Kwa hiyo wakawaita wanawake wa mji wa Palo Alto, ambao baadhi yao hawakuwa wamegusa kompyuta maishani mwao, wakawakalisha mbele ya mashine, nao wenyewe wakasimama nyuma na saa mkononi wakipima dakika. Mama alipokwama hakuambiwa amekosea. Kosa lilihesabiwa kuwa la programu, na programu ikarudishwa karakana. Mwisho wake, juu ya kioo cha kompyuta ikachorwa hundi iliyofanana na hundi ya karatasi, na daftari lililofanana na lile ambalo kila Mmarekani alikuwa nalo mfukoni. Mtu alijiona yu mahali anapopajua.

Baadaye upelelezi huo uliingia ndani zaidi. Watumishi wa Intuit walikwenda kusimama katika maduka ya programu, wakamngoja mnunuzi, kisha wakamwomba ruhusa ya kufuatana naye hadi nyumbani ili wamtazame anavyofungua kasha na kuanza kazi. Hawakwenda kumfundisha. Walikwenda kukaa kimya na kuandika mahali alipokunja uso. Polisi mpelelezi ataitambua kazi hiyo mara moja: kuna mambo ambayo shahidi hawezi kukuambia hata ukimwuliza kwa upole namna gani, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kwamba anayafanya.

Isidhaniwe kwamba upelelezi mwema ulileta ushindi siku ya pili. Kampuni ilijaribu kwanza kuuza kwa kupitia mabenki, ikashindwa. Mwaka 1985 fedha ziliisha. Baadhi ya watumishi wakaondoka, waliobaki wakafanya kazi kwa miezi kadhaa bila mshahara. Mwaka 1986 Cook alichukua karibu fedha yote iliyokuwamo sandukuni, akailipia matangazo katika majarida ya wenye kompyuta, akangoja. Maagizo yakaja. Makamanda wanajua kwamba anayetupa akiba yake yote ya askari katika pigano moja husifiwa akishinda, na akishindwa hakuna anayemkumbuka. Hapo bahati ilikuwa na sehemu yake, na wanaoandika vitabu vya biashara hawapendi kulikiri hilo.

ARDHI AMBAYO HAWAKUITAZAMIA

Tumefika sasa kwenye kiini cha habari. Quicken ilikuwa programu ya nyumbani, ya baba na mama na bili zao. Kampuni ilipowauliza wanunuzi wake walivyokuwa wakiitumia, karibu nusu walijibu kwamba wanaitumia katika biashara. Cook na wenzake hawakuamini. Programu ile haikuwa na mambo ya biashara hata kidogo: haikuwa na ankara, haikuwa na mishahara, haikuwa na leja ya wadaiwa. Wakadhani wanunuzi hawakulielewa swali, wakaliacha. Mwaka uliofuata jibu likawa lile lile. Ndipo hatimaye wakaenda kuwatazama watu hao, wakakuta wenye vibanda na karakana ambao walikuwa na programu za uhasibu za kutosha za kuchagua madukani, lakini hawakuzitaka.

Sababu yao ilikuwa rahisi. Programu zile ziliandikwa na wahasibu kwa ajili ya wahasibu. Zilimtaka mtu ajue debiti na krediti, yaani kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia, kama wahasibu wanavyofundishwa. Fundi bomba hakuyajua hayo wala hakuwa na haja ya kuyajua. Alitaka kuandika ankara, kulipwa, na kujua kama fedha iliyomo benki itatosha mishahara ya Ijumaa. Mwaka 1992 Intuit ikatoa programu iliyoitwa QuickBooks. Ndani yake mlikuwa na picha ya ankara na picha ya hundi. Debiti na krediti zilifichwa chini ya sakafu zikifanya kazi zao bila kuonekana. Kwa muda mfupi ikawa ndiyo inayouzwa kuliko zote za aina yake nchini Marekani, ingawa programu za wapinzani zilikuwa na uwezo mwingi zaidi.

Hapo pana fundisho ambalo afisa ugavi yeyote analijua. Bunduki yenye mambo mengi ambayo askari hawezi kuifungua na kuisafisha gizani haimfai kitu.

Wahasibu, hata hivyo, walikasirika, na hawakukasirika bure. QuickBooks ya awali ilimruhusu mwenye duka kurudi nyuma, akafuta au akabadili jambo la mwezi uliopita bila kuacha alama. Kwa mwenye duka hiyo ilikuwa raha. Kwa mhasibu ilikuwa maafa. Wenzetu wa polisi hawahitaji kuelezwa sana: wanakijua kitabu cha matukio kilichopo kaunta ya kila kituo. Ukurasa wake hauchanwi, neno halifutwi. Aliyekosea hupiga mstari mmoja, akaandika sahihi yake kando, na kosa likabaki likisomeka. Kitabu kinachofutika hakiwezi kusimama mbele ya hakimu. Hesabu ni vivyo hivyo mbele ya mkaguzi. Intuit iliongeza baadaye kumbukumbu ya kuonyesha nani alibadili nini na lini, na katika matoleo ya mbele haikuwezekana tena kuizima.

Kisha kampuni ikafanya jambo la busara zaidi kuliko kubishana na wahasibu: iliwaandikisha jeshini mwake. Iliwaanzishia mpango wa mafunzo na vyeti, ikawapa programu kwa nafuu, ikawatangaza kwa wateja kama washauri waliohitimu. Tufanye hesabu. Mhasibu mmoja wa mtaani huwa na wateja ishirini, thelathini, hata hamsini. Wauzaji wa kampuni wangelazimika kugonga milango hamsini. Mhasibu akishawishika, milango hamsini hufunguka kutoka ndani. Na mhasibu aliyezoea programu moja hapendi kujifunza tano, kwa hiyo mteja mpya akija atamwambia, bila kulipwa hata senti na kampuni, atumie ile ile. Mbinu hii, kwa maoni yetu, ndiyo iliyoikuza biashara ya programu za hesabu kuliko tangazo lolote.

JABALI LA MICROSOFT

Mwaka 1991 Microsoft ilitoa programu yake ya fedha za nyumbani, Microsoft Money, kupambana na Quicken. Ilikuwa kampuni kubwa mno. Ndiyo iliyomiliki mfumo wenyewe ambao kompyuta nyingi za dunia zilitumia. Intuit, ambayo iliuza hisa zake kwa umma mara ya kwanza Machi 1993, na mwaka huo huo ikaungana na kampuni iliyotengeneza programu ya kodi iitwayo TurboTax, ilikuwa kama kikosi mbele ya divisheni nzima. Lakini Microsoft Money haikuweza kuwahamisha wateja wa Quicken, kwani aliyekwisha kuandika hundi zake za miaka mitatu katika daftari moja haoni sababu ya kuhamia daftari jingine kwa ajili ya rangi nzuri.

Oktoba 1994 Microsoft ikakubali kilichokuwa dhahiri, ikatangaza kuinunua Intuit yenyewe kwa thamani ya dola zipatazo bilioni 1.5, na wakuu wa Intuit wakakubali. Serikali ya Marekani ndiyo iliyokataa. Aprili 1995 Wizara ya Sheria ilifungua kesi kuzuia ununuzi huo, ikisema utaua ushindani, na mwezi wa Mei Microsoft ikajitoa. Hivyo kampuni iliyojulikana kwa kutoshindwa ilikuwa tayari kusalimu amri, ikaokolewa na wanasheria wa serikali. Microsoft Money iliendelea hadi mwaka 2009, ndipo ikaacha kuuzwa.

UGAVI HUGEUKA KUWA KODI YA PANGO

Programu ikiuzwa mara moja katika kasha, muuzaji anapata fedha mara moja. Mwezi ujao lazima atafute mnunuzi mwingine, na mwezi wa tatu mwingine tena. Kampuni ya namna hiyo ni kama jeshi linaloishi kwa kupora: likikosa kijiji kipya linakufa njaa. Intuit ililiona jambo hili mapema. Kwanza iliuza karatasi: hundi na fomu zilizochapwa tayari kutoshea mashine ya mteja, na karatasi huisha, hununuliwa tena. Halafu ikauza majedwali ya kodi za mishahara, ambayo hubadilika kila sheria inapobadilika, hivyo mwajiri hulipia kila mwaka. Halafu ikaweka ukomo wa matoleo: toleo likipita miaka mitatu hivi, huduma zake za ziada hukatwa, naye mteja akalazimika kununua jipya.

Hatua ya mwisho ndiyo tunayoishi nayo leo. Hesabu za mteja zikahamishwa kutoka kompyuta yake mwenyewe, zikawekwa katika kompyuta za kampuni, naye akawa anazifikia kwa intaneti na kulipa ada kila mwezi. Intuit ilianza jambo hilo mwanzoni mwa karne hii, kwa mwendo wa pole. Kilichoisukuma ni kampuni changa ya Xero, iliyoanzishwa Wellington, New Zealand, mwaka 2006, ambayo tangu mwanzo haikuwa na programu ya kasha wala wateja wa zamani wa kuwabembeleza. Kufikia mwisho wa Septemba 2024 Intuit ilikuwa imeacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo mengi ya QuickBooks ya kuwekwa katika kompyuta ya mtu mwenyewe.

Kwa kampuni hii ni ngome isiyotikisika. Mapato ya mwezi ujao yanajulikana leo. Kwa mteja faida zipo pia, tusiwe wagumu wa kukiri: kompyuta ikiibwa au ikiungua, hesabu hazikupotea, mhasibu aliye mji mwingine huzisoma bila kupanda basi. Lakini yule aliyekuwa mwenye nyumba amekuwa mpangaji. Tuseme mstaafu analipa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitano ni shilingi 3,600,000, na siku atakayoshindwa kulipa ndiyo siku atakayotambua kwamba majina ya wadaiwa wake yote yamo katika nyumba ya mtu mwingine.

UGENINI

Kuna jambo linaloshangaza katika historia ya kampuni hii. Pamoja na ushindi wake wote nyumbani, ng'ambo mara nyingi ilirudi mikono mitupu. Japani iliingia katika miaka ya 1990 kwa kununua kampuni za huko, ikatoka mwaka 2003. India, nchi yenye mamilioni ya maduka, ilikaa miaka kadhaa ikajaribu, na mwaka 2023 ikaifunga huduma ya QuickBooks.

Kilichoizuia India kina jina, nalo ni Tally. Mwaka 1986 huko Bangalore mfanyabiashara Shyam Sunder Goenka, aliyekuwa akiviuzia viwanda malighafi na vipuri, hakuona programu ya hesabu iliyomfaa. Akamwambia mwanawe Bharat aandike moja. Waliandika kwa mtu wanayemjua: mfanyabiashara wa Kihindi mwenye desturi zake za kutunza vitabu, na mwenye karani hodari wa kuchapa haraka bila kuinua mkono kwenye vitufe. Tally ilinakiliwa kwa wizi kupita kiasi, jambo ambalo kwa muda mrefu liliwanyima fedha, ila pia liliwafanya makarani wa nchi nzima waijue. Karani akitangaziwa nafasi ya kazi, aliulizwa kama anaijua Tally. Serikali ya India ilipoanzisha kodi mpya ya bidhaa na huduma tarehe 1 Julai 2017, maduka mengi yaliyokuwa yakiandika vitabu kwa mkono yalijikuta hayana budi kutafuta programu, nayo Tally ilikuwa pale pale mtaani, pamoja na mawakala wake na makarani waliokwisha kuijua.

Utaona basi kwamba ardhi ya hesabu haifanani na ardhi ya programu ya kuandikia barua. Barua ni barua popote. Hesabu hufuata kodi, na kodi hufuata sheria ya nchi, nayo sheria hubadilika siku ya bajeti. Kampuni ya Kiingereza iitwayo Sage ililielewa hilo kuliko Intuit. Ilianza Newcastle upon Tyne mwaka 1981, ambako David Goldman, mwenye kiwanda cha kupiga chapa, alitaka programu ya kukadiria gharama za kazi zake, akasaidiwa na mwanafunzi Graham Wylie. Ilikua kwa kasi zilipokuja kompyuta za bei nafuu za Amstrad mwaka 1985, ikaingia soko la hisa la London mwaka 1989. Tangu hapo, kila nchi iliyotaka kuiingia ilitafuta kampuni ya wenyeji iliyokwisha kushika soko, ikainunua: Ufaransa, Ujerumani, Marekani yenyewe. Mwaka 2003 ilinunua Softline ya Afrika ya Kusini, wenye programu ya Pastel, ambayo wahasibu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaijua vyema. Mbinu hii ina ubaya wake. Anayeteka kwa kununua huishia kuwa na majeshi mengi yenye sare tofauti na silaha zisizolingana risasi, na Sage ilihangaika miaka mingi kuyaunganisha, wakati Xero na wenzake wakipita pembeni.

MLANGONI PETU

Katika Afrika ya Mashariki, sheria ya kodi ndiyo imekuwa muuzaji mkubwa wa programu hizi. Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za kielektroniki mwaka 2010. Hapa Uganda mfumo wa risiti uitwao EFRIS ulikuwa wa lazima tangu Januari 2021 kwa waliosajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani. Askari polisi waliokuwa kazini Kampala Aprili 2024 wanakumbuka wafanyabiashara walivyofunga maduka wakiupinga. Tusiingie hapa katika ubishi wa nani alikuwa na haki. Tunachotaka kionekane ni kwamba muuzaji yeyote wa programu aliyeiunganisha na mtambo wa kodi alipata wateja ambao hawakuwa na nafasi ya kujivuta. Mkakati wa ukuzaji aliandikiwa na sheria.

Mteja anayekuja kwa hofu ni mteja dhaifu katika mapatano. Mstaafu aliyeambiwa Jumatatu kwamba atatozwa faini Ijumaa hatauliza maswali yanayompasa. Kwa hiyo ayaulize sasa, angali na muda. La kwanza na kubwa ni hili: nikiacha kulipa, hesabu zangu nitazitoaje, na zitatoka katika umbo gani ambalo programu nyingine inaweza kulisoma? Muuzaji mwaminifu atafungua kompyuta na kuonyesha palepale; anayezunguka na maneno amekwisha kujibu. La pili amwulize mhasibu wake, wala asimwulize muuzaji: wewe, bwana, unaitumia ipi? Programu ya bei ndogo ambayo mhasibu haijui itakula tofauti hiyo kwa saa za kurekebisha makosa. Kisha atazame mtandao wa mahali alipo. Duka la Kampala mjini si duka la kando ya kambi ya Karamoja, na programu isiyoandika risiti mtandao ukikatika itamfanya mwenye duka kurudia kalamu ya risasi siku ile ile ambayo wateja ni wengi, yaani siku ya mshahara.

Wako watakaosema kwamba kwa biashara ya mashine moja ya kusaga, kauntabuku na kalamu vinatosha. Mara nyingi ni kweli, nasi hatuoni aibu kulisema. Mwenye mashine moja, asiye na wadaiwa, asiyesajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani, na ambaye hesabu zake za siku zinaenea ukurasa mmoja, akinunua programu atakuwa amenunua fahari. Mambo hubadilika anapoanza kukopesha. Wadaiwa wakipita thelathini, kichwa cha binadamu huanza kusahau, na cha ajabu ni kwamba husahau madeni ya marafiki kwanza. Hapo ndipo programu hujilipa yenyewe, kwa orodha moja tu: nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini.

Kuhusu Intuit yenyewe, mwaka 2016 iliiuza Quicken, mzaliwa wake wa kwanza, ile ya hundi za mama wa nyumbani, kwa sababu fedha ilikuwa imehamia kwa wenye biashara ndogo na kwenye kodi. Mwaka 2021 ikainunua Mailchimp, kampuni ya kuwasaidia wafanyabiashara kuwatumia wateja wao barua za matangazo, kwa bei ya dola bilioni 12 hivi. Maana yake ni kwamba aliyeingia kwa kushika daftari la mapato na matumizi sasa anataka pia kushika orodha ya wateja wa mwenye duka. Mstaafu atakayefungua biashara mwakani na kutia sahihi mkataba wa ada ya mwezi afanye kama karani wa stoo anavyofanya kila mwisho wa mwezi: achapishe karatasi ya mizania, orodha ya wadaiwa na orodha ya wateja, azitoboe, azifunge katika faili, na faili alifungie kabatini mwake mwenyewe.